Sanaa ya nguo kwa mabaki: maswali tunayoulizwa mara kwa mara kwenye warsha yetu ya Mwanjelwa, Mbeya

Kila Jumamosi, kabla hatujafungua mlango wa karakana, kuna mtu kasimama nje na mfuko wa nguo kuukuu na swali lake. Wengine hupiga simu. Wengine wanatoka zao sokoni, wanaona viroba vimedariziwa na kutundikwa ukutani, wanasimama. Nimeamua kuyaandika majibu, tena kwa urefu, kwa sababu nimeona majibu ya haraka haraka ndiyo yanayowaharibia watu vitambaa. Huna haja ya kusoma yote. Tafuta linalokuhusu.

Mnafundisha ushonaji?

Ushonaji umo, ila si ule wa gauni na suruali. Anayetaka kujua kukata nguo ya kuvaa aende akae na fundi cherehani au ajiunge VETA, atapata msingi mzuri. Hapa tunachukua kitu kilichokwisha kumaliza kazi yake ya kwanza, kama fulana iliyofubaa, kiroba cha mbolea, sweta la mtumba lenye tundu, tyubu ya baiskeli au neti ya vitunguu, na tunakipa kazi ya pili: zulia, mto, begi, pazia, picha ya ukutani. Njia ni nne: kuunga viraka, kufuma kwenye fremu, kudarizi kwa mkono na kutia rangi. Mwezi wa kwanza unazionja zote. Baada ya hapo unakaa na ile iliyokupenda.

Viraka si dalili ya shida? Nitawaambia nini watu nyumbani?

Hili tunaulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na wamama watu wazima, na nalielewa. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambako suruali ya shule yenye kiraka makalioni ilikuwa siri ya kila mtu. Mama alikishona usiku ili asubuhi kisionekane, na kama alikosa kitambaa cha rangi ileile, ulitembea umeweka daftari nyuma. Kiraka kile kilishonwa kwa kujificha.

Tunachofundisha ni kinyume chake. Unachagua kiraka chako, unakiweka mahali kinapoonekana, unakishona kwa uzi wa rangi tofauti, na kila pigo la sindano linafanana na jirani yake. Mtu akikitazama anajua kwamba mwenye kazi alikuwa na muda na alikuwa na jicho. Tofauti haiko kwenye kitambaa. Iko kwenye kupanga.

Na hatuko peke yetu. Kaskazini mwa Japani, eneo la Aomori, baridi ilikuwa kali kiasi kwamba pamba haikuota. Wakulima walinunua matambara yaliyoletwa kutoka kusini, wakayapanga tabaka juu ya tabaka na kuyashona kwa mishono midogo ya mstari, wakarithishana koti moja vizazi na vizazi. Vitu hivyo wanaviita boro, na leo vinatunzwa makumbusho. Mtu wa Makete au wa Njombe, anayejua asubuhi ya Julai ilivyo, hahitaji kuelezwa kwa nini mtu aliongeza tabaka.

Sijawahi kushika sindano. Nije?

Njoo. Siku ya kwanza utatunga uzi, utapiga bandi na kushona mstari mmoja wa mishono mirefu kwenye kipande cha jinzi. Ukishaweza mstari huo, mengine ni kuurudia. Subana tunayo, vaa. Ngozi ya kidole cha mgeni haimalizi saa moja kwenye jinzi.

Nilete nini?

Leta ulichonacho, kikiwa kimefuliwa na kukauka. Vinavyotufaa zaidi ni hivi: fulana za pamba, hata zenye matundu, na zile za kampeni na za mashindano ambazo kila nyumba ina tatu au nne, vipande vya vitenge kutoka kwa fundi wako, maana vinavyobaki chini ya cherehani kwa siku moja vinajaza ndoo, sare za harusi ambazo hazitavaliwa tena, jinzi, mashuka, sweta, magunia ya katani ya kahawa, watu wa Mbozi mnayo, neti za viazi na vitunguu, tyubu za baiskeli na za bodaboda, kanda za kaseti, mifuko ya mikate, vizibo vya soda, vifungo na zipu. Waliotoka Kyela wamewahi kutuletea vipande vya nyavu za Ziwa Nyasa, na huo ni uzi mzuri mno wa kutandia fremu kwa sababu hauvutiki.

Ukitaka kununua, usikimbilie kufungua belo. Belo la mitumba huwa na kilo 45 hivi, na mtu mmoja anayejifunza hawezi kulimaliza. Nenda soko la mitumba jioni, uliza yale yanayobaki chini kabisa, yenye doa au zipu mbovu. Muuzaji huwa anataka aondoke na mzigo mwepesi, na doa halitusumbui kitu.

Vitu gani hampokei?

Vitatu, na hapa hatubishani.

Cha kwanza ni mifuko iliyobeba dawa za kuulia wadudu au magugu, na mifuko ya mbegu zilizopakwa dawa. Mwaka wetu wa kwanza nilipokea kwa furaha fungu la mifuko ya mbegu za mahindi kutoka kwenye duka moja la pembejeo. Ndani kulikuwa na vumbi la rangi ya waridi, nikadhani ni rangi tu. Tukaikung'uta palepale chumbani, watu kumi na moja, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Kufika saa nane wawili mikono inawawasha na mmoja macho yamevimba. Rangi ile huwekwa makusudi ili mtu ajue kwamba mbegu hiyo ina dawa na hailiwi. Nilipaswa kujua, nimekulia shambani. Tangu siku hiyo kila mfuko unaulizwa ulibeba nini kabla haujavuka mlango.

Kiroba cha mbolea kama UREA au CAN ni jambo jingine, tunakitumia sana. Toa nailoni ya ndani, kigeuze, kifue nje kwa maji mengi mara mbili, kianike. Usikifulie karibu na kisima wala mtoni.

Cha pili ni vyandarua vyenye dawa. Chandarua chenye tundu kishonwe, kilaliwe, maana malaria bado ipo, hasa kwa wenzetu wa Kyela na Usangu. Na dawa iliyomo ni ndugu wa ile ya pareto ambayo watu wa Mufindi na Umalila wanailima: viwanda viliiga kemia ya ua hilo na kutengeneza dawa inayodumu. Sitaki mtu anayekata na kushona kutwa nzima awe nayo puani.

Cha tatu ni chochote chenye ukungu. Huku kwetu nguo iliyokaa kwenye boksi masika yote inaota madoa meusi. Hayo hayatoki, na yanahamia kwenye vitambaa vya wenzako.

Nitajuaje kama kitambaa ni pamba au ni polista? Muuzaji kaniambia ni pamba.

Usimwamini muuzaji, wala usiamini jicho lako. Vitenge vingi vya bei nafuu siku hizi ni polista tupu, na kwa macho vinang'aa kuliko vya pamba. Chomoa nyuzi chache kutoka ukingoni, zisokote ziwe kama utambi, zishike kwa koleo ndogo juu ya beseni lenye maji, washa kiberiti. Fanya hivyo nje.

Pamba inashika moto mara moja, inanukia kama karatasi inayoungua, na majivu yake ni laini ya kijivu yanayopeperuka. Sufu inajikunja na kusuasua, ukiondoa kiberiti inajizima, na harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Ukifikicha kilichobaki kinakuwa unga mweusi. Polista haiungui kwa kweli, inayeyuka: inajikusanya kuwa tone, inatoa moshi mweusi, na tone likipoa ni gumu kama shanga. Ukipata majivu na tone kwa pamoja, huo ni mchanganyiko.

Dakika moja hii inaokoa mengi. Polista haikubali rangi zetu za majani na magome, hivyo utachemsha kutwa bure. Pasi ya mkaa ikiwa ya moto sana inaitoboa. Niliwahi kumharibia binti mmoja kipande cha lesi cha gauni la mama yake kwa sababu nilikigusa tu nikasema "hii pamba". Pasi ikaondoka nacho. Sasa hata mimi, baada ya miaka yote hii, nawasha kiberiti kwanza.

Fulana inakuwaje uzi?

Ilaze mezani. Kata upindo wa chini uutupe kwenye kapu la vipande, kata juu usawa wa kwapa. Sasa una bomba la kitambaa. Likunje kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili, lakini usifikishe: acha ubavu wa chini utokeze vidole viwili. Kata mistari ya upana wa sentimita mbili na nusu kuanzia kwenye mkunjo, ipite ukingo wa juu, isimame kabla ya kumaliza ule ubavu uliotokeza. Ukifungua utaona mbavu zimeshikwa na uti wa mgongo mmoja. Hapo kwenye uti ndipo wengi wanakosea. Usikate moja kwa moja. Kata mshazari, kutoka mstari wa kwanza wa upande huu kwenda wa pili wa upande ule, na kuendelea hivyo. Utapata utepe mmoja mrefu usiokatika. Uvute kwa mikono miwili, taratibu, kipande kwa kipande. Utaona kingo zinajikunja zenyewe kuelekea ndani mpaka utepe unakuwa kama kamba ya mviringo. Watoto wanaipenda hatua hii kuliko zote.

Fulana yenye mishono ya ubavuni itakupa vinundu. Haina ubaya, zulia linavimeza.

Na sweta?

Kabla hujalinunua, ligeuze ndani nje na utazame mshono wa ubavu. Ukiona pande mbili zimefumwa kila moja hadi ukingoni kisha zikaunganishwa kwa uzi mmoja, hilo litafumuka vizuri: kata uzi wa kuunganisha, tafuta mwisho wa juu, vuta. Ukiona mshono umepigwa oveloki, liache, au lichukue kwa ajili ya viraka. Maana yake lilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kipana, na kila mstari ukifumua utakupa kipande kifupi tu.

Uzi uliofumuliwa unakuwa na mawimbi kama nywele zilizosukuliwa. Uzungushie mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke maji ya uvuguvugu, uutundike na kitu kizito kidogo chini. Asubuhi umenyooka. Sweta za sufu halisi zinafika kwa wingi masoko ya Mbeya na Njombe kwa sababu wafanyabiashara wanajua huku kuna baridi. Hiyo ni bahati yetu ambayo wenzetu wa Dar es Salaam hawana.

Nimeona mmetundika ringi za baiskeli zimefumwa. Mnafanyaje?

Ringi ni fremu iliyokwisha kutobolewa, ndiyo maana tunaipenda. Ondoa spoku zote, pitisha uzi mgumu kutoka tundu moja kwenda lililo mkabala, ukikatiza katikati kila mara. Kisha anza kufuma kutoka katikati kwenda nje, juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata.

Ujanja wake uko kwenye hesabu. Ringi nyingi zina matundu 36, ambayo ni shufwa. Ukizunguka mara moja ukirudi mwanzo, utajikuta unapita juu palepale ulipopita juu, na kazi haishikani. Idadi ya nyuzi lazima iwe witiri ili mzunguko wa pili ukosane na wa kwanza wenyewe. Kwa hiyo ongeza uzi mmoja kwenye tundu lolote, au zichukue mbili zilizo jirani uzihesabu kama moja. Nimeona watu wazima wakikaa nusu siku wakifumua na kurudia kwa kukosa kujua hili dogo.

Anayetaka fremu ya pembe nne, mbao za paini zimejaa huku. Pigilia misumari sentimita moja moja juu na chini, umemaliza.

Rangi mnazipata wapi? Za asili zinadumu kweli?

Baadhi zinadumu, baadhi zinakudanganya. Tunazo tatu tunazoziamini.

Ya kwanza ni parachichi. Rungwe na Njombe zinatoa parachichi nyingi, na kokwa hutupwa. Kwa robo kilo ya kitambaa cha pamba chukua kokwa nane hadi kumi, zioshe nyama yote itoke, zikatekate, ziweke kwenye maji juu ya moto mdogo. Maji yasichemke kwa fujo, yatoe vitone tu, kwa muda wa saa moja. Yaache yalale. Kesho yake chuja, tumbukiza kitambaa kilicholowekwa, pasha tena saa moja, kiache kilale humo. Watu hutegemea kijani wakatoa waridi iliyofifia, kama udongo wa kichuguu ulionyeshewa. Ukitaka iive zaidi, weka maji ya majivu kidogo. Ukiichemsha kwa haraka utapata kahawia. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, lakini hilo haliathiri kitu kwa sababu kokwa hazitaki maji yachemke.

Ya pili ni magome ya miwati pamoja na kutu. Miwati ilipandwa Njombe kwa ajili ya magome yake, ambayo viwanda huyatumia kusindika ngozi za wanyama. Kile kinachofanya ngozi isioze ndicho kinachofanya rangi ishike kwenye pamba. Chemsha magome, loweka kitambaa usiku kucha: kinatoka rangi ya chai. Pembeni uwe na ndoo ya misumari yenye kutu iliyokaa kwenye siki na maji kwa wiki moja au mbili. Chovya kitambaa humo. Kinageuka mbele ya macho yako, kutoka kahawia kuwa kijivu, kutoka kijivu kuwa karibu na weusi, ndani ya dakika chache. Hapo kitoe! Kutu ikizidi inakula nyuzi, na kitambaa kitachanika ukikivuta baada ya mwaka.

Ya tatu ni maganda ya vitunguu maji, yanayotoa dhahabu hadi rangi ya chungwa. Haya yanahitaji shabu, ileile ya sokoni ya kusafishia maji, gramu 150 kwa kilo moja ya kitambaa kikavu. Pamba ipite kwanza kwenye maji ya magome au ya majani ya chai, ndipo iende kwenye shabu, kwa sababu pamba peke yake haiishiki sana.

Manjano ya jikoni inatia rangi nzuri kuliko zote siku ya kwanza, na jua linaimaliza. Usimuuzie mtu kitu ulichotia manjano. Kwa kila rangi mpya fanya hivi: kata sampuli mara mbili, nusu ifungie kwenye droo, nusu ibandike dirishani wiki mbili. Zilinganishe.

Sufuria ya rangi haipiki tena chakula. Hata ukiisugua.

Kwa nini hamtii rangi masika?

Kitambaa hakikauki. Mvua zetu zinaanza Novemba hadi Aprili au Mei, kipindi hicho tunafuma na kudarizi. Rangi tunaanza Juni jua likiwa kali na hewa kavu, japo maji ya asubuhi yanauma vidole. Wenzetu wa Tukuyu, ambako mvua ni karibu mwaka mzima, huleta vitambaa vyao huku.

Naweza kukata khanga?

Unaweza, ila itazame kwanza. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukikata viraka vya mraba bila kufikiri utalikata jina katikati, na maneno yaliyokatika yanaweza kusema kitu ambacho hukukusudia ukutani kwa watu. Mimi hulitoa jina zima kama utepe mmoja na kuliweka kando. Linaweza kuwa ukingo wa mfarishi, yaani blanketi la kuunga viraka, linaweza kupita katikati ya begi. Na kama khanga hiyo uliletewa na mtu, jiulize kama unataka jina hilo lisomwe na kila anayeingia sebuleni.

Nina nguo za marehemu. Mnaweza kunisaidia kuzishona pamoja?

Ndiyo, na tunaona ni heshima.

Naomba mambo mawili kabla hujaja. Kwanza, zungumza na ndugu. Kwa familia nyingi nguo za marehemu zina utaratibu wake, zinagawiwa matanga yakianuliwa, na kuna watu wenye haki ya kuulizwa. Kila kabila na kila ukoo una namna yake, na mimi siwezi kukuamulia. Pili, usije mapema mno. Mkasi unataka mkono usiotetemeka.

Mama mmoja alituletea mashati sita ya mumewe. Tulipoyatandaza alikuta kwenye mfuko wa shati la bluu tiketi ya basi, imefuliwa na shati mara nyingi mpaka imekuwa kama pamba, haisomeki. Hakutaka tuitoe. Hakutaka mfuko uguswe. Kwa hiyo kazi yote tuliipanga kuuzunguka mfuko ule: tukaukata na kipande chake cha kifuani, tukauweka katikati, tukauziba juu kwa mishono midogo tiketi ikiwa ndani, kisha kola, mikono na migongo ikajipanga kutoka hapo kwenda nje. Kola tuliziacha na alama ya shingo. Blanketi kuukuu likakaa katikati kama nyama ya mfarishi, na nyuma tukaweka kitenge alichokichagua mwenyewe. Ilimchukua miezi minne, Jumamosi kwa Jumamosi, na siku nyingine alikuja akakaa tu.

Nguo za namna hii hatuzitii rangi, na hatuzikati mpaka mwenyewe aseme "kata".

Wanaume wanaruhusiwa? Watoto je?

Wote. Mafundi cherehani wengi wa Mwanjelwa ni wanaume, sijui swali hili linatokea wapi. Watoto kuanzia miaka minane, wakiwa na mkubwa wao.

Nahitaji cherehani?

Kwa nusu ya kazi, hapana. Ukiwa nayo, ile ya kukanyaga kwa mguu inafaa kuliko ya umeme kwa jinzi, kwa sababu unaweza kwenda pigo moja moja. Weka sindano namba 16 kwa jinzi, namba 18 kwa tabaka nyingi. Kiroba kishone kwa mkono na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, mishono mirefu. Cherehani inakitoboa matundu ya karibu karibu kikachanika mstari mzima kama stempu. Na ukikikata, pitisha ukingo wake haraka juu ya mshumaa ili nyuzi zisifumuke.

Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku?

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na hatutengenezi wala hatutafuti. Tunachotumia ni vifungashio vilivyopo bado, kama vya mikate, na viroba. Tukivifuma tunachanganya na fulana ili kitu kiwe na uzito wa kitambaa.

Niko Iringa. Lazima nifike Mbeya?

Kamwene! Si lazima. Huko mna shule yenu ya miaka mingi: vikapu vya milulu vya akina mama wa Kihehe, vilivyosukwa kwa kubana kiasi ambacho mimi bado sijaweza. Mjini Iringa kuna Neema Crafts, kituo kilichoanza mwaka 2003, ambako watu wenye ulemavu, wengi wao viziwi, wanafuma, wanashona na kutengeneza karatasi hata kutokana na kinyesi cha tembo. Nenda ukatazame wanavyofanya kazi.

Na wewe wa Mufindi, chini ya mipaini ya Sao Hill kuna zulia la majani makavu marefu kama sindano. Yaloweke maji ya moto, yashike kwa fungu la unene wa kidole, yazungushe kama konokono huku ukiyashona kwa uzi wa sweta lililofumuliwa. Kinatoka kikapu chenye harufu ya msitu. Wenyeji wengi tuliowaonyesha walikuwa wakiyachoma tu.

Hii ni sanaa kweli, au ni kazi za mikono?

Anayeuliza hivi huwa ameambiwa na mtu kwamba sanaa ni kuchora. El Anatsui, Mghana aliyeishi na kufanya kazi Nsukka, Nigeria, kwa miaka mingi, anaunganisha vizibo vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa mapazia makubwa yanayoning'inia kama vitambaa vya kifalme. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake. Wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, waliunga mifarishi kutoka kwenye nguo za shambani za waume zao ili watoto wasipate baridi, na mwaka 2002 ikatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alichora kwa rangi ya baiskeli kwenye mbao za bei ya chini kwa sababu ndizo alizozipata. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyesubiri vifaa vizuri zaidi.

Kazi zinauzika? Nipange bei vipi?

Zinauzika, si kwa haraka. Maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale yanaleta watu wengi, na wageni wanaopita kwenda Kitulo au Matema hununua vidogo vinavyoingia kwenye begi. Kosa la kila anayeanza ni kusema "vitambaa sikununua, basi niuze rahisi". Hesabu saa zako. Mto uliokuchukua saa sita, ukijilipa shilingi 2,000 kwa saa, ni 12,000 kabla hujaweka uzi, zipu na nauli. Mteja akisema ni matambara, mwonyeshe mishono ya nyuma. Asipoelewa, mwache aende kwa amani.

Ada ni kiasi gani?

Inatangazwa mwanzo wa kila msimu na inalipwa kwa awamu mbili. Asiye na uwezo azungumze nami pembeni. Wapo waliolipa kwa magunia ya kokwa za parachichi, na tulizihitaji.

Vipande vidogo kabisa vinavyobaki mnavipeleka wapi?

Tunavitenga. Vya pamba na sufu vinakatwakatwa na kujazwa kwenye mito. Vya polista tunavishindilia kwenye viroba viwili vilivyoshonwa pamoja, vinakuwa viti vya chini, na ndivyo utakavyokalia siku utakayokuja. Kimoja kimepasuka pembeni. Anayefika wa kwanza Jumamosi atapewa shazia aanze nacho.